Duka la samaki la uchochoroni Kinondoni: miezi saba na tangi la majani la Baba

Siku ya kwanza nilifika pale dukani na hela taslimu, nimejipanga kurudi nyumbani na samaki kumi. Nikarudi mikono mitupu, kwa sababu kijana mwenye duka alikataa kuniuzia. Alinipa chupa mbili tupu za maji ya nusu lita, akasema, "Dada, niletee kwanza maji ya kwenu. Moja ya bomba, moja ya kisima. Samaki watakusubiri." Nilipanda daladala ya kurudi Kijitonyama nikiwa nimenuna njia nzima. Leo ni mwezi wa saba tangu siku ile, na nimekaa kuandika haya kwa sababu watu wengi wananiuliza lile tangi la sebuleni, la samaki na majani ya majini, nilitengenezewa wapi.

Nianze na sababu ya kulitaka. Baba yangu ni mzaliwa wa Ujiji. Amevua dagaa na migebuka Ziwa Tanganyika kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka juzi alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukagoma, ikabidi aje kuishi kwangu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, kwa hiyo kutwa tuko wote sebuleni: mimi na mashine yangu, yeye na runinga ambayo anaiwasha tu kwa ajili ya sauti. Nilitaka awe na kitu kilicho hai mbele ya macho yake.

Jaribio la kwanza lilikuwa kwa muuzaji mwingine, simtaji. Aliniuzia siku hiyohiyo tangi dogo, majani mekundu ya kupendeza na samaki tisa wadogo wenye ule mstari wa buluu unaong'aa. Akaniambia nijaze maji, niwaweke, basi. Hadi siku ya nane walikuwa wameisha wote, na Baba ndiye aliyekuwa akiwahesabu kila asubuhi. Mtu aliyeishi kwa samaki maisha yake yote, kumwekea samaki wanaokufa mbele yake! Iliniuma sana. Ndiyo maana yule kijana wa Kinondoni aliponinyima samaki nilikasirika kwanza, halafu usiku nikatulia nikaona huyu anajua jambo ambalo yule wa kwanza hakulijua.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na fundi simu. Kibao kimeandikwa kwa mkono "Samaki wa Mapambo", hakuna jina lingine. Ndani kuna joto la unyevu na mngurumo wa pampu za hewa, na rafu za chuma zimepangwa matangi hadi karibu na dari. Nilichokitazama mara ya pili, nikiwa na akili ya kutazama, ni kwamba hakuna samaki aliyeelea, na kila tangi lina kipimajoto chake kimebandikwa kwenye kioo. Kwa Dar hiyo si mapambo. Nitaeleza.

Maji yangu aliyapima mbele yangu kwa vidonge na matone ya rangi. Ya bomba aliyapitisha, ila yana klorini ya kuua vijidudu, na klorini haichagui: inaua pia bakteria wazuri wa tangi na kuunguza matamvua ya samaki. Niyaache kwenye ndoo wazi siku nzima hadi kesho yake, au nitumie dawa ya kuiondoa. Ya kisima chetu ndiyo yaliyomfanya atikise kichwa. Ni mazito, yaani yana chokaa nyingi. Kumbe dalili nilikuwa nazo jikoni miaka yote: sabuni haitoi povu, na birika lina ukoko mweupe usiotoka hata ukisugua. Wale samaki wa mstari wa buluu asili yao ni mito ya Amazoni, maji laini yenye uchachu. Mimi niliwatia kwenye maji ya chokaa. Hapo tu hesabu ya siku nane ikaeleweka, hata kabla hajanieleza lile la pili.

Akaniambia, "Dada, tusipigane na maji yako. Tutafute wanaoyapenda." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nimwamini. Samaki waitwao gapi na moli wanapenda maji mazito. Katika majani, Vallisneria, ile yenye majani marefu kama utepe, inayapenda pia. Anubiasi, ambayo kwao ni Afrika Magharibi na Kati, inavumilia karibu kila kitu. Majani mekundu akakataa kuniuzia, ingawa alikuwa nayo na bei yake ni kubwa kuliko ya hayo mengine.

Kisha mawe. Nilikuwa nimeokota mawe meupe mazuri yenye matundu, nimeyaosha, nimeyabeba kwenye kikapu kwa fahari. Akachukua siki, akadondoshea tone. Likachemka povu. Ni matumbawe, jamii ya yale ya Kunduchi, na yanaachia chokaa kwenye maji polepole. "Maji yako tayari mazito, usiyaongezee." Mchanga wa ufukweni vivyo hivyo, umejaa vipande vya makome. Tukabaki na mchanga wa mto na mawe ya kijivu yasiyotoa povu. Jaribio la siki lina gharama ya tone moja, na sijui kwa nini yule muuzaji wa kwanza hakunifundisha. Matumbawe yangu niliyarudisha nyumbani, nikayaweka kwenye ndoo uani.

Tangi alilitengeneza mwenyewe: sentimita 60 kwa 35 kwa 40, kioo cha milimita 6, likijaa linachukua kama lita 84. Alitumia silikoni ile inayonuka siki ikiwa mbichi, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo inadhuru samaki. Akaiacha ikauke wiki nzima kabla ya kutia maji. Aliniuliza litakaa juu ya nini. Nikamwambia kwenye meza ya runinga. Akapiga hesabu: maji, mchanga, mawe na kioo vinapita kilo mia. Nikaenda Keko kwa seremala, nikatengenezewa meza fupi yenye miguu minene. Siku ya kulifunga alikuja na pima maji, akasawazisha meza kwa vipande vya mbao, akatandika sponji nyembamba juu yake, kwa sababu punje moja ya mchanga chini ya kioo ikibeba uzito wote, kioo kinaweza kupasuka.

Sasa lile la kupanda, ambalo ndilo nililolipenda kuliko yote. Hakuniuzia udongo wa paketi kutoka nje. Alileta udongo mweusi wa bustani, usiotiwa mbolea, aliouchekecha, kuuloweka na kuuanika mara kadhaa, akautandaza unene wa sentimita 3, kisha mchanga wa mto juu yake unene uleule. Mizizi inakula chini, mchanga unazuia tope lisipande. Mimi ndiye niliyefunga anubiasi kwenye mawe, kwa uzi wangu wa pamba. Shina lake nene linalolala halitakiwi kuzikwa, ukilizika linaoza. Unalifunga juu ya jiwe na mizizi inashika yenyewe, uzi unaoza taratibu baadaye. Kangaga la Java nalo hufungwa hivyo hivyo. Nilifunga vipande kumi na vitatu mchana mmoja, na Baba alikuwa akinishikia uzi kwa mkono wake mzima.

Vallisneria ilipopandwa nyuma ya tangi, Baba alisogeza kiti. Akasema, "Hii si ya dukani. Hii iko kwetu." Yule kijana akamjibu, "Kweli mzee, iko hadi Tanganyika." Wakaanza mazungumzo ya maji ya kina kifupi, ya mitumbwi kupita juu ya majani hayo, na mimi nikaendelea kufagia mchanga sakafuni nikisikiliza. Baba alikuwa hajazungumza kwa muda mrefu hivyo tangu augue.

Halafu tukasubiri wiki tano bila samaki hata mmoja. Hili ndilo la pili ambalo sikuelezwa mwanzo. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa kiasi na majani yanaitumia kama mbolea. Bakteria hao hawapo kwenye tangi jipya, lazima waote kwenye mchanga na kwenye sponji ya filta. Yeye alileta kipande cha sponji chafu kutoka tangi la dukani kuwa mbegu, akawa anadondosha chembe ya chakula kila siku ili kuwalisha. Kila Jumamosi nilimpelekea chupa ya maji, akapima bure. Wiki ya tatu nitriti ilipanda, rangi ya kipimo ikawa zambarau iliyoiva. Wiki ya tano ikashuka hadi sifuri. Siku hiyo ndiyo akaniuzia gapi sita, sita tu, na wengine baada ya majuma mawili.

Kwa wanaotaka bei: tangi na mfuniko Sh 140,000, taa ya LED Sh 45,000, filta ya sponji na pampu yake Sh 25,000, majani yote Sh 30,000. Kuja nyumbani kupanda hakunitoza. Meza ya Keko ni hesabu nyingine. Kwangu mimi ni pesa nyingi, ni sare za shule nyingi za kushona, lakini ukijumlisha nilichopoteza kwa yule wa kwanza, nilipaswa kuanzia hapa.

Umeme. Mwezi wa pili wa tangi ulikatika usiku, ukarudi saa tatu asubuhi. Nilidhani majani yangewapa samaki hewa, kumbe usiku, bila mwanga, majani nayo yanavuta oksijeni kama samaki. Yule kijana alikuwa ameshaniuzia pampu ndogo ya betri kavu, tena kwa kunisisitiza, nami niliinunua ili tu amalize kusema. Usiku ule niliiwasha, ikanguruma hadi asubuhi, na hatukupoteza samaki. Usiondoke pale bila hiyo pampu.

Joto lilikuwa kali zaidi ya umeme. Februari maji yalifika nyuzi 31. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, na gapi wote walikuwa juu wanahema. Nilimpigia simu saa nane mchana, akaniambia nifunue mfuniko, nielekeze feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji. Jioni kipimajoto kilisoma 28. Ni ujanja wa mtungi: maji yanayopotea kwa mvuke yanaondoka na joto. Ila mvuke unaondoka na maji matupu, chokaa inabaki, kwa hiyo ukijazia kila siku kwa maji ya kisima unazidi kuyafanya mazito. Akaniagiza nijazie ya bomba yaliyolala, na masika yakianza nikinge ya mvua, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi la bati. Sasa hivi mapipa yangu mawili yamejaa. Nani angenifundisha hilo kwenye karatasi ya maelekezo ya tangi la kutoka nje, lililoandikiwa mtu anayehitaji hita? Muuzaji wa samaki Dar asiyezungumzia joto, mkimbie.

Mwani ulitupata pia, nyuzinyuzi za kijani juu ya mawe, kwa sababu Baba alikuwa akiwasha taa tangu alfajiri hadi taarifa ya habari ya usiku. Dawa haikuwa chupa ya kununua, ilikuwa kupunguza mwanga hadi jumla ya saa saba kwa siku. Tumegawa: saa nne hadi saa saba mchana, halafu saa kumi na moja hadi saa tatu usiku, wakati sebule imejaa. Baba ndiye mwenye swichi, na saa hizo anazishika kama za dawa zake.

Nikifika kwenye bustani za chupa, sifa zangu zinapungua. Duka linauza terariamu, yaani chupa ya kioo yenye udongo, kuvumwani na vimea, imefungwa. Wazo lenyewe ni zuri na ni la zamani. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, mwaka 1829 aliweka pupa ya nondo (hatua ya kabla hajawa nondo kamili) kwenye chupa iliyofungwa, akaona kangaga linaota ndani humo bila kumwagiliwa, wakati makangaga yake ya nje yalikuwa yakifa kwa moshi wa mji. Maji yanapanda kama mvuke, yanagonga kioo, yanarudi udongoni. Kutokana na hilo yalizaliwa masanduku ya kioo yaliyosafirisha miche baharini.

Nilinunua moja kwa Sh 35,000, zawadi kwa shangazi yangu Tabata. Wiki ya tatu ilinuka. Kuvumwani kulikuwa kumegeuka kahawia, vimea vimelainika kama mboga iliyochemshwa. Aliiweka mezani, si juani, kwa hiyo kosa si lake. Kosa ni la kilichomo: kuvumwani kunatoka kwenye milima yenye baridi, kumefungiwa kwenye kioo ndani ya joto la Tabata. Nilimrudishia yule kijana, naye alinibadilishia bila ubishi, lakini ya pili ilikuwa na kuvumwani kulekule. Kijana huyu aliyenikatalia samaki kwa sababu ya maji yangu angepaswa kunikatalia na hicho. Nilimwambia hivyo, kwa heshima, na narudia hapa. Tena kuvumwani kunapobanduliwa msituni hakurudi haraka, na mimi sitaki bustani ya sebuleni iliyovua mlima nguo.

Ya tatu nilitengeneza mwenyewe, na ndiyo iliyo hai hadi leo kwa shangazi. Ni chupa kubwa ya pipi niliyoinunua Kariakoo. Chini kokoto, juu yake mkaa uliopondwa, huu wa kupikia, niliouosha vizuri, kisha vumbi la makumbi ya nazi lililochanganywa na udongo. Nikapanda fitonia kutoka kwa wauza maua wa Barabara ya Bagamoyo na kangaga dogo lililokuwa limeota lenyewe kwenye ukuta wa kisima chetu. Hivyo vimeshazoea joto hili. Mfuniko unafunguliwa mchana, na kioo kikiwa na ukungu wa maji pande zote, unaachwa wazi hadi ukungu uondoke.

Niliona pia pale dukani vyungu vidogo vya urujuani wa Usambara, Saintpaulia, yale maua ya zambarau yenye majani ya manyoya. Dunia nzima inayaweka madirishani, na asili yake ni milima yetu. Mjerumani von Saint Paul-Illaire ndiye aliyeyapeleka Ulaya, na mwaka 1893 yakapewa jina lake. Nilimuuliza kama yametoka msituni. Akanionyesha trei yake: anakata jani moja, analichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, linatoa miche. Hapo nilifurahi. Nunueni hayo, lakini yasifungiwe chupani, majani yake yanaoza yakilowa.

Malalamiko mengine ni madogo. Mfuniko wa kioo haukusagwa kingo, ulinikata kidole siku ya pili, na kwa mtu wa mkono mmoja kama Baba ni hatari. Nilimwita akaja kusaga, lakini ilipaswa kutoka hivyo karakana. Tangi lilichelewa siku tisa juu ya ahadi. Risiti huandika kwenye kipande cha karatasi ukimwomba. Swichi ya saa ya taa hauzi, na ingefaa.

Upande wa pili, gapi wanaozidi anawapokea na kukupa majani badala yake. Wanazaana upesi kweli. Tuliwapeleka 22 mwezi uliopita. Na majani unayopunguza anakuagiza uyaanike juani yakauke kabisa ndipo uyatupe, yasifike mtaroni wala mtoni. Anayekumbuka gugumaji lilivyofunika kingo za Ziwa Victoria miaka ya 1990 hatamuuliza kwa nini.

Nimeshatoa kianzio cha tangi la pili, dogo, sentimita 45. Baba ndiye aliyeliomba. Anataka wale samaki wa Tanganyika wadogo kama kidole wanaoishi ndani ya makome matupu ya konokono, na yule kijana anao wachache anaowazalisha mwenyewe. Halitakuwa na majani, ni mchanga na makome tu. Maji ya Tanganyika ni mazito na yana pH (kipimo cha uchachu) ya karibu 9, yaani hayana uchachu, kwa hiyo safari hii atatia matumbawe kwenye filta makusudi. Amesema nisinunue. Ile ndoo iliyoko uani inatosha, na Jumamosi anakuja kuyaponda.